Metimani ya Leonida

Mwaka 1986 mwanangu Leonida alirudi Endabash kutoka Dar es Salaam, alikotibiwa kwa mionzi uvimbe wa tumbo la uzazi. Alirudi amekonda, lakini mzima, namshukuru Mungu. Haukupita muda redio ikatangaza kwamba kinu cha nyuklia kimelipuka huko Urusi, na mionzi imewahamisha watu makwao.

Basi mama mkwe wake, Mama Patrisi, akaiogopa hiyo mionzi, akamwekea metimani, kama sisi Wairaqw tunavyomtenga mwenye mkosi: asile chombo kimoja na mtu, na atakayekula naye ametengwa pia. Akamrudisha kwangu, alale kwenye kibanda chake na apikie chungu chake. Mtoto mdogo wa Leonida, Sylvesta, akamzuia kwake.

Nilikwenda kwanza kwa Sista Cresensia wa zahanati, akanieleza polepole mambo ya mionzi. Kisha nikaenda na Leonida kumdai mtoto. Leonida alisimama nje ya ua.

"Mama Patrisi," nikasema, "kuna madini yaitwayo urani. Chembe yake ikigongwa na kachembe kadogo sana inapasuka, inatoa joto, na inarusha vichembe vingine vinavyopasua chembe za jirani."

"Kama maneno ya kilabuni."

"Hivyo hivyo. Wakivizuia visizidi, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo ya umeme. Wakishindwa, ndiyo hayo ya Urusi. Na humo kinuni wanaweka chuma kiitwacho kobalti. Kikitoka kina mionzi ya kuua uvimbe. Leonida alimulikwa nayo, mashine ikafungwa, basi. Wewe ukitoka juani unaingia na jua nyumbani?"

"Jua nalijua tangu nizaliwe. Hilo lako umelijua juzi kwa Sista!" Akamshika Sylvesta mkono. "Metimani ina mwisho, Mama Leonida. Wale wa Urusi wameambiwa watarudi lini?"

Nikamnyoshea Sylvesta mikono.

"Mtoto utampata," akasema, "ukiapa kwamba hatakula na mama yake."

"Apa, Mama!" Leonida akalia kule nje. "Aje tu, hata nimwone kwa mbali."

Kuapa uongo siwezi, Mungu anasikia. Nikamfuata Leonida, nikachukua kibuyu alichokuwa akinywea uji njiani, nikanywa. Nikarudi nacho nikamwekea Sylvesta mdomoni. Alikunywa mpaka uji ukamtiririka shingoni.

Mama Patrisi aliuachia ule mkono kama kaa la moto.

"Mwizi wewe! Umeniibia mjukuu mbele ya macho yangu!"

"Ni wangu pia."

Hakumgusa tena. Alirudi nyuma akijifuta kiganja kwenye kanga, machozi yakimtoka, nami nilimhurumia.

Njiani tulikutana na jirani yangu, mke wa Naftali. Leonida akamwamkia. Hakuitika, alishuka kwenye shamba la mahindi, akatuachia njia nzima. Sylvesta alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, nasi tukapita.