Migongo ya Wakata Nyasi

Taisiya hakuwahi kuijua sura ya baba yake. Nikifor alikufa maji vuli ya mwaka ule ule aliozaliwa bintiye, na picha zake chache ziliteketea pamoja na nyumba. Kwa hiyo aliposikia kwamba makumbusho ya mjini yameazimwa kwa kiangazi ile picha ya mchoraji Lutokhin ya wakata nyasi wa Zaluzhye, kijiji chao, ambao baba yake alikuwa mmoja wao, usingizi ulimpaa. Lutokhin aliichora mikoa kama ilivyo: foleni ya mkate, bafu la Jumamosi, walevi na mbuzi wao. Lakini kazi zake nzuri zilibebwa na miji mikubwa, na waliochorwa wakabaki kuzisikia tu.

Alimshika mkono mama yake wakapanda basi. Mama huyo, Bibi Stepanida, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Utaona migongo," alisema. "Wakata nyasi wanapanga mstari, hakuna anayegeuka, maana wa nyuma yake atamfyeka visigino. Na mchoraji mwenyewe, kiangazi kile ulichozaliwa, alikaa langoni kwangu, nyuma yao wote. Umelipa nauli ukaangalie makalio."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Baba yako hakugeuka hata nilipomhitaji. Tulipatana, uchungu ukinianza natundika kitambaa changu chekundu langoni. Nikatundika. Bwana akafika wewe umeshaoshwa na kuviringishwa. Akaapa eti alilitupa fyekeo pale pale alipokiona. Muongo. Alimaliza mstari wake kwanza, asije akachekwa."

"Wenzake walisemaje?"

"Wenzake? Kwa chupa moja wangeapa alikuja akiruka."

Taisiya alilelewa na hadithi hiyo. Leo alitaka uso tu, na aliogopa kwamba mama yake anasema kweli kuhusu migongo.

Makumbusho yalikuwa vyumba viwili juu ya maktaba. Walivaa juu ya viatu ndara za manyoya za kulinda sakafu, wakateleza hadi kwa Kapitolina, mlinzi wa chumba, aliyekuwa akifuma soksi.

"Msiiguse," alisema bila kuinua kichwa.

"Mimi hata ukuta siuoni, dada, nitaigusaje?"

Picha ilijaa ukuta mzima. Taisiya aliona mashati meupe yaliyolowa jasho, mgongo baada ya mgongo, yakiteremka kuelekea mtoni. Upande wa kulia jua la dirishani lilimulika rangi, hapakuonekana kitu. Machozi yakamlenga. Kapitolina alimtazama, akaweka soksi chini, akaenda kuvuta pazia.

Hapo Taisiya akashika mkono wa mama yake kwa nguvu.

"Kuna mtu anakimbia."

"Anakimbilia wapi?"

"Huku kwetu, mama. Fyekeo amelitupa. Mstari wake umebaki nusu, nyasi zimesimama."

Stepanida aliinua uso. "Masikio yake yakoje?"

"Makubwa. Yamechomoza kama mishikio ya sufuria."

"Na langoni?"

"Kitambaa chekundu."

Kizee aliketi kwenye kiti cha Kapitolina bila kuomba ruhusa.

"Kumbe alikimbia," alisema Stepanida. "Mjinga yule. Alikimbia, ni wewe tu hukungoja. Na mimi nimemsimanga mpaka kaburini." Alikuwa akilia, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, kama aliyetua ndoo za maji.

Taisiya naye akapumua. Alikuwa na baba mwenye uso, na uso wenyewe ulikuwa umeelekezwa kwake.

"Nielezee," mama akasema kwa sauti ndogo. "Masikio ndiyo yaliyonibakia. Mengine nilishayasahau zamani, mwanangu, nikaona haya kukwambia."

Kapitolina akaishusha kamba ya kuzuia watu, akakisogeza kiti mbele pamoja na aliyekikalia. Taisiya akainama sikioni mwa mama yake, akaanzia kwenye paji la uso.