Mikono Miwili ya Kushoto

Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kosa lolote, ila watu walikwisha kuliacha. Walimwita Bado. Na jina hilo alijipa mwenyewe, asimlaumu mtu. Umemaliza chuo? Bado. Umepata kazi? Bado. Mchumba je? Bado kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyowavunja watu mbavu. Alikuwa na miaka ishirini na minane, analala chumba kile kile alicholala akiwa darasa la kwanza, na madoa ya dari yake aliyajua kama ndugu zake.

Usidhani alikuwa mvivu. Chuo cha uhasibu alikiacha njiani kwa sababu kila akiingia kwenye mtihani mikono ilimtetemeka na namba zikamkimbia. Akauza simu, akauza vipuri, akakaa bure. Mwisho akaingia kwa Bi Mkasi kujifunza ushonaji, mtu mzima na ndevu zake katikati ya vijana waliotoka shule juzi. Na huko, ajabu, mikono ikatulia. Akawa anashona pindo lililonyooka, na vifungo vyake vilikaa mpaka wateja wakawa wanamuulizia. Lakini kushona si kukata. Binti aliyekuja nyuma yake, ambaye Bado ndiye aliyemfundisha kutia uzi sindanoni, sasa alikuwa anakata suruali huku anaimba. Bado alimwitikia wimbo, macho kwenye vifungo, na moyoni hakuitikia chochote.

Kwa Bi Mkasi kulikuwa na desturi. Mkasi mkubwa huugusi mpaka mwenyewe akutie mkononi, na nguo ya kwanza unamkatia mtu wa nyumbani kwenu, ili ukiiharibu ugomvi uwe wa kwenu, usije dukani. Anayeharibu hurudi kwenye vifungo mpaka Bi Mkasi asahau. Na mama yule hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa anamkumbuka hadi leo aliyemvunjia sindano kabla hajaolewa.

Basi mdogo wake Bado, yule ambaye zamani Bado ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akapata kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo. Kazi ya kuwashika wanaopunja, kwa ufupi. Wakaguzi wapya hula kiapo ukumbini, wakubwa wakiwa mbele na familia nyuma, na huendi pale na shati tupu. Mama yao akafungua sanduku la bati, akatoa kitambaa cheusi kinachonuka dawa ya nondo. Nyumba nzima ilikijua kitambaa kile. Mama alikinunua mwaka ule Bado alipoanza chuo, kwa ajili ya siku ya mahafali yake.

Hakuna aliyelisema hilo. Mama alisema tu kwamba nguo ikikaa sana sandukuni huoza, na kwamba kitakachobaki Bado ajishonee kizibao, naye asikose. Bado akaitikia vizuri, akacheka, akampiga mdogo wake begani. Alimfurahia kweli. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake, na yeye akauonea aibu mwiba ule kuliko mambo yote aliyowahi kushindwa.

Kesho yake Bi Mkasi alikipapasa kitambaa kwa vidole viwili, akasema kiwanda chake kilifungwa zamani, kingine kama hiki hakipo. Akachukua mkasi mkubwa, akautia mkononi mwa Bado. Vyerehani vyote vikanyamaza.

"Likitoka koti, mkasi wako," alisema. "Lisipotoka, unajua."

Alijua. Kurudi kwenye vifungo ukiwa na miaka kumi na tisa ni adhabu. Ukiwa unaigonga thelathini, hayo ni maisha yenyewe.

Mgongo wa koti ukatoka vizuri. Vifua vyote viwili vikatoka vizuri. Ikabaki mikono. Sasa, kitambaa kile kilikuwa na uso na nyuma: uso una mng'ao kidogo, nyuma imefifia kama ubao uliofutwa chaki, na ndani ya duka tofauti huioni mpaka uitafute sana kwa macho. Bado alikuwa amekitandaza tabaka moja bila kukikunja, ili kisiharibike bure. Ukifanya hivyo, ukishakata mkono wa kwanza lazima uigeuze karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili. Hilo hata mshona vifungo analijua.

Ndipo akaingia mtu aliyesoma naye sekondari, kitambi kimetangulia, anataka suruali iongezwe kiuno. Alimfurahia Bado kwa dhati, na hapo ndipo palipouma. Akamsimulia nyumba anayohamia, akamsimulia watoto, mmoja anaanza shule. Akauliza: na wewe unakaa wapi siku hizi, bado kwa mama? Hakuuliza kwa ubaya. Bado akacheka, lakini masikio yalikuwa yanamvuma. Ilikuwaje wenzake wote walisikia kengele ikipigwa wakaondoka, yeye akabaki amekaa? Au ilipigwa siku aliyokuwa hayupo? Akataka aonekane mtu mwenye shughuli. Akaikandamiza karatasi mezani, akakata haraka haraka, mkasi unalia. Mwenzake akasema, kumbe umekuwa fundi bwana, akaaga na kwenda zake.

Bado akaiweka mikono uso kwa uso. Haikukutana. Akaigeuza, akajaribu tena, akaupeleka mmoja karibu na dirisha. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Aliikunja mikono ile, akaisukuma chini ya meza, akamwambia yule binti anakwenda kula. Hakula. Alikwenda nyuma ya duka, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akayaona yote yanakuja: uso wa mama yake, mdogo wake mbele ya wakubwa na koti la kuazima, vifungo, vifungo, vifungo. Chuo alikikimbia kwa mlango wa nyuma namna hii hii. Na hapa nyuma ya duka palikuwa na mlango, haukufungwa, na njia ya kwenda nyumbani ilianzia pale.

Alisimama. Wallahi alipiga hatua. Kilichomrudisha si ushujaa, tusidanganyane. Alikumbuka tu kwamba mkono wa koti si kama wa shati. Una vipande viwili, cha juu kinachoonekana na cha chini kinachokaa upande wa kwapa. Akabaki amesimama, anahesabu kwa kichwa kitu ambacho hajawahi kufundishwa. Kipande cha chini cha kushoto, ukikigeuza nyuma kuwa nje, kinakuwa cha kulia. Kitafifia, lakini kitakuwa chini. Kilichokosekana ni kipande kimoja tu cha juu.

Na kitambaa kilichobaki? Vipande viwili, kirefu kimoja na kifupi kimoja kisichotosha mkono, vile vya kizibao. Alikitandaza kile kirefu, akaigeuza karatasi, akahakikisha, akahakikisha tena mpaka binti akamuuliza anasali au anakata. Akakata. Kizibao kikaishia hapo.

Koti likashonwa. Bi Mkasi hapokei nguo ndani. Huitoa nje, juani. Alilitazama mgongo, akalitazama kola, akaunyanyua mkono wa kulia. Akaupitishia kidole upande wa kwapa.

"Umekata ya kushoto yote."

"Ndiyo, Bi Mkasi."

"Nani kakufundisha kuficha kosa hivi?"

"Hakuna."

Akalikunja koti, akampa. Alisema koti lina mwenyewe na mwenyewe si yeye. Bado amweleze mdogo wake ukweli wote; akilivaa kiaponi, mkasi unabaki kwa Bado. Akivaa jingine, vifungo vimo kwenye kopo lake, havijaenda popote.

Jioni hiyo Bado alimweleza mdogo wake wakiwa chumbani, mlango umefungwa ili mama asisikie. Alimweleza kosa. Habari ya kizibao hakuitaja. Mdogo wake alilivaa, akasimama dirishani, akainua mkono wa kulia kama atakavyoapa, akautazama kwa jicho lile lile alilokuwa anakwenda kulipwa mshahara kwa ajili yake.

"Huu ndio mkono wenyewe, kaka."

"Najua."

"Watakaa mbele kabisa. Wakaguzi watupu."

Mdogo wake akavua, akalitundika, akasema kuna rafiki yake ana koti la kahawia, ngoja atafakari. Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, Bado angepata mahali pa kushika.

Siku ya kiapo mdogo wake aliondoka alfajiri kwenda kwa huyo rafiki, begi begani, lile koti jeusi limo ndani ya begi. Bado na mama yake wakafuata baadaye, wakaketi safu ya nyuma. Mama alikuwa amependeza na alikuwa anaongea na kila mtu. Bado alikuwa anautazama mlango wa pembeni. Kila aliyepita na rangi ya kahawia alimkata maini. Alijiambia, akivaa la kahawia sitamlaumu, na palepale akajua kwamba atamlaumu maisha yake yote, tena bila haki.

Mlango ukafunguliwa. Wakaingia kwa mstari. Mdogo wake alikuwa wa nne, na koti lilikuwa jeusi.

Walisimama, wakaambiwa wainue mikono ya kulia. Jua la dirisha kubwa likaangukia pale pale. Juu ya mkono paling'aa, chini pamefifia, na kwa Bado tofauti ile ilikuwa kubwa kama mchana na usiku. Aliwatazama wakubwa, wakaguzi watupu, mmoja mmoja. Walikuwa wanatazama nyuso. Hakuna hata mmoja aliyetazama kwapa la mtu. Mdogo wake alikuwa ameuinua mkono juu kuliko wenzake wote, na sauti yake ilisikika mpaka nyuma.

Mama akamwinamia Bado, akanong'ona bila kutoa macho mbele.

"Na kizibao chako je? Usiniambie bado."

"Tayari, mama. Kile pale," Bado akasema. "Kinakula kiapo."

Mama aliutazama mkono ule uliokuwa juu, akamtazama yeye, akarudi kuutazama mkono. Kisha akamshika kidole gumba, kama alivyomshika zamani wakati wa kuvuka barabara, na hakukiachia mpaka watu walipoanza kutoka.