Kofi Moja Breki, Mawili Mafuta

Zawadi ilikuwa ndani ya bahasha: mizunguko minne kwenye gari halisi la mashindano, Jumamosi saa nne asubuhi, pamoja na mwalimu wa kukaa kando. Mke wa mwokaji mikate aliificha kabatini wiki nzima, na alipoitoa alikuwa anacheka kabla mumewe hajamaliza kuisoma, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuwa mtu baki. Alikuwa kaka yake mumewe, tumbo moja, ambaye pale uwanjani wanamwita Kamanda. Kwa miaka sita ndugu hao walikuwa wanakutana misibani tu. Maskini, mwanamke wa watu alidhani anapatanisha.

Mwokaji alishukuru, akamkumbatia, kisha akaenda kuoga na kukaa bafuni muda mrefu kuliko kawaida yake.

Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa na miaka tisa. Ukoo mzima unajua sababu: matumbwitumbwi. Mama yao huisimulia hadithi hiyo vizuri sana, kuanzia homa na mashavu yaliyovimba mpaka daktari aliyetikisa kichwa. Ila mwokaji naye alikuwepo, na homa hakuiona. Alichokiona ni glasi iliyopasuka sakafuni na mkono wa kaka yake, kijana wa miaka kumi na saba ambaye tayari alikuwa na kiganja cha fundi gari. Baba alikwisha fariki, na kaka akajipa cheo chake bila kuulizwa. Mama, alivyoamini mwokaji, alikuwa kazini siku ile, akadanganywa kama wengine, na hakuwahi kumlaumu kwa hilo. Kwa kaka yake alitaka sentensi moja tu: ni mimi niliyekupiga. Alikuwa anaisubiri kwa miaka ishirini na tisa, na kaka, mtu mwenye maneno ya kila aina, hilo moja hakuwa nalo.

Jumamosi ikafika, mke na mume wakaenda uwanjani pamoja. Banda la magari lilinuka petroli na mpira ulioungua. Gari lenyewe halikuwa na cha kumbembeleza mtu: viti viwili vigumu, mabomba ya chuma yaliyochomelewa ndani ili bodi lisibondeke likipinduka, mikanda mitano ya kumfunga dereva kama mzigo, na matairi yaliyokuwa vipara tangu kiwandani. Kamanda alikuwa ameliegemea, ndevu zimeanza mvi, mikono kifuani.

"Karibu, dogo," alisema. "Umenenepa wewe. Mikate unauza au unakula?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shemeji, pole na safari. Nilidhani atakutoroka njiani."

Mafundi wawili waliokuwa wanafunga boneti wakacheka. Mwokaji naye akacheka, kwa mdomo tu.

Walimpa suti isiyoshika moto, ikambana tumbo, na kofia ngumu yenye redio: maikrofoni mbele ya mdomo, spika moja sikioni. Kila kilichosemwa garini kilisikika pia kwenye kiboksi kilichokuwa mezani pale bandani, ili mafundi wajue kukitokea la kutokea. Mwokaji akaivaa kofia, akaivua.

"Spika iko kushoto," alisema. "Kushoto sisikii, kaka."

"Haihamishiki hiyo, imegandishwa kwa gundi." Kisha Kamanda akajipiga kwenye paji la uso, eti amekumbuka. "Aa, kweli! Yale matumbwitumbwi yako." Akawageukia mafundi. "Huyu alipougua tulilia nyumba nzima. Mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni mpaka hospitali."

Mke wa mwokaji akamshika mumewe mkono kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomchoma kuliko uongo wenyewe. Alijikaza, akatazama chini, akafunga vifungo vya glavu polepole.

"Basi tutatumia mkono," alisema Kamanda. "Redio ikigoma huwa tunafanya hivyo na wageni wote. Kofi moja pajani, breki. Makofi mawili, mafuta. Usifikirifikiri. Ukipigwa, fanya."

Utaratibu mzuri, kwa mtu mwingine. Lakini mwokaji alipokuwa mtoto alikuwa na silaha moja tu. Akipigwa anaosha vyombo, aliendelea kuosha vyombo. Akipigwa anacheka, aliendelea kucheka. Chochote alichokuwa akifanya wakati mkono wa kaka unamshukia, hakukiacha hata ngozi ichanike, na baada ya mwaka mmoja au miwili hakuhitaji tena kujikumbusha. Kati ya ndugu hao wawili, hakuna aliyelikumbuka jambo hilo asubuhi ile.

Mwanzo wa mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu, tusimnyime haki yake. Gari lilinguruma mpaka meno yakagongana, joto la injini likampanda miguuni, na kila alipokanyaga, kiti kilimsukuma mgongoni. Makofi mawili yakatua pajani, akaongeza. Mbele kulikuwa na barabara iliyonyooka, na mwisho wake kona kali yenye vibao vya kuonyesha umbali: mia tatu, mia mbili, mia moja. Kwenye mia mbili kofi likaanguka.

Mguu haukuondoka kwenye mafuta.

Hakuamua yeye. Alikiona kibao cha mia moja kikipita, kofi jingine likaja, na jingine, paja likawaka moto, na mguu umekakamaa palepale kama wa mtu mwingine. Alipofaulu kukanyaga breki, gari lilikuwa limeingia konani ubavuubavu, matairi yanalia, mkia ukatoka nje ya lami, ukarusha kokoto, ukarudi. Waliponea chupuchupu.

Kamanda akampiga ngumi ya bega, kisha ya mbavu. Mwokaji akageuza macho kidogo na kuona jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. Mkono mwingine wa kaka yake ulikuwa umeng'ang'ania bomba la chuma, na mguu wake ulikuwa unakanyaga sakafu, ukitafuta breki ambayo upande ule haukuwa nayo. Kaka alikuwa anaogopa.

Furaha iliyompata haikuwa ya kusimulia mbele ya watu wenye heshima. Aliivuta ndani kama pumzi. Tangu hapo mguu haukuwa na kosa lolote, ulikuwa unatumwa na mwenyewe.

"Kaka," alisema kwenye maikrofoni, "nani aliliua sikio langu?"

Kofia ya Kamanda ikageuka. Mwokaji hakusikia kitu ila injini.

"Sema ni nani."

Kiwiko kikamgonga kwenye taya ya kofia, akauma ulimi, mdomo ukajaa damu. Akaimeza, akabadilisha gia, akaongeza mwendo. Waliingia mzunguko wa pili wakiwa na magurudumu mawili nje ya lami. Kamanda sasa alikuwa anapiga bila hesabu, pajani, tumboni, kooni, ngumi za mtu aliyefungwa mikanda na hana pa kukimbilia, na kila ngumi ilipotua mwokaji alikanyaga zaidi. Kando ya njia mtu alipunga bendera nyekundu, kisha mwingine. Aliziona vizuri. Alizipita.

"Miaka ishirini na tisa!" alipiga kelele, mate na damu vikatapakaa kwenye kioo cha kofia. "Nimekuomba nini mimi? Neno moja! Sema, nisimamishe!"

Aliiona kofia ya kaka yake ikienda juu na chini, juu na chini, akadhani ni mtikisiko wa gari. Aliona mikono miwili imeinuliwa, viganja wazi, akadhani anataka kumkaba.

"Husemi? Haya!"

Mzunguko wa tatu, barabara ileile iliyonyooka. Kibao cha mia tatu. Cha mia mbili. Kamanda hakupiga tena. Aliukamata usukani kwa mikono yote miwili, akauvuta kwake.

Gari likakatiza lami, likapiga kokoto, likanyanyuka upande mmoja. Mwokaji aliona mbingu mahali pa barabara, halafu barabara mahali pa mbingu, kisha ukuta wa matairi mabovu ukaja ukaingia kwa upande wa kushoto, upande wa kaka. Chuma kilipinda kwa sauti ndefu. Kioo kikawamwagikia vifuani. Kitu kikakatika, na hakikuwa chuma.

Palikuwa kimya, petroli inadondoka mahali fulani. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa bahati tu. Mwokaji akabonyeza kifungo cha mikanda, akajinasua, akatoka kwa magoti kupitia dirisha lisilo na kioo. Akazunguka. Mlango wa kaka haukuwepo tena. Mguu wa Kamanda ulikuwa umebanwa chini ya bati, na chini ya goti mfupa ulikuwa umechungulia nje ya suti, mweupe, na damu inatoka kwa mapigo.

Tungependa kusema kwamba ndugu ni damu, kwamba alipoona vile alilia. Hakulia. Aliivua kofia yake, akamvua kaka yake ya kwake kwa nguvu mpaka kichwa kikagonga bomba, akamshika kola.

"Sema."

Midomo ya Kamanda ilicheza. Ilitoka damu na jino, na kikohozi.

Mwokaji akampiga ngumi ya pua, akasikia pua ikilegea. Akampiga ya pili. Mkono unaokanda unga kila alfajiri si mkono mwepesi. Ya tatu ilimpata kwenye jicho, na ya nne haikufika kwa sababu fundi mmoja alimrukia mgongoni na mwingine akamshika miguu, wakamwangusha kokotoni.

"Umechanganyikiwa?" fundi alimfokea. "Unaua mtu aliyekwisha kufa nusu!"

Mkewe alikuja anakimbia, viatu mkononi. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwake, akautazama mkono wa kulia wa mumewe, na hakusogea zaidi.

"Mbona hukusimama?" aliuliza, pumzi zinamkata. "Alisema! Alisema mara tatu, mara nne. Tumemsikia wote pale mezani."

"Alisema nini?"

"Kwenye redio! 'Ni mimi. Ni mimi, dogo, nilikupiga, nisamehe, punguza.' Alikuwa analia, mume wangu. Mtu mzima analia, na wewe unaongeza mwendo."

Mwokaji akakaa kitako. Miaka yote aliisubiri sentensi ile, na ilipokuja aliiomba iletwe kupitia mlango uliofungwa, spika ya sikio lililokufa, na katika hasira yake hakulikumbuka hilo. Aibu ilimpanda, nzito, mbaya.

"Kuna jingine," alisema mkewe kwa sauti ya chini. "Alisema, 'Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mama ndiye aliyesema tuseme ni matumbwitumbwi.'"

Mafundi walikuwa wanakata bati kwa msumeno, cheche zikiruka, mmoja ameshika mtungi wa kuzimia moto. Kamanda alipiga yowe walipoutoa mguu. Walimlaza kwenye machela, wakamfunga mkanda wa suruali juu ya goti kuzuia damu.

Simu ya mke ikalia. Alitazama jina, akasita, akaipokea na kumpa mumewe bila kumgusa, naye akaiweka kwenye sikio la kulia.

"Haya, wanangu!" Ilikuwa sauti ya mama, changamfu, na nyuma yake bomba la maji jikoni. "Nimeshindwa kungoja. Mmeshakumbatiana?"

"Tumepata ajali, mama."

Bomba likafungwa. "Uwii! Mungu wangu. Umeumia wapi, mwanangu? Niambie, umeumia wapi?"

"Sikio," alisema mwokaji. "La kushoto. Siku ile ilipovunjika glasi. Ulikuwa mlangoni, mama?"

Alimsikia akipumua, akasikia kiti kikivutwa, mtu akikaa. Muda ukapita, mrefu wa kutosha kwa mtu kusema hapana.

"Kaka yako," mama akauliza, "yuko hai?"

Mwokaji aliitazama machela iliyokuwa inapandishwa kwenye gari la wagonjwa.

"Yuko hai," alisema, akamrudishia mkewe simu.