Bismillahi ya Fawwaz

"Diski haitoki," alisema Rudayna, na akaikalia kweli, waya ukining'inia kati ya magoti yake hadi kwenye kompyuta.

Mhandisi Basil, aliyetumwa na kamati ya kambi kuifuta kabla ya adhuhuri, alicheka. "Dada, wewe ni mpiga chapa. Mimi na shahada zangu mbili nimehangaika wiki nzima. Fawwaz kafa na neno lake la siri. Humo mna takataka tu."

"Humo mna bibi yangu."

Miaka sita marehemu Fawwaz alizunguka kambi ya wakimbizi ya Irbid akiandika simulizi za wazee waliofukuzwa vijijini mwao, kisha akazificha zisichezewe. Ndani ya kompyuta kila herufi ni mstari wa sifuri na moja. Alilaza neno la siri juu ya maandishi, herufi juu ya herufi, akilirudia hadi mwisho. Palipofanana pakawa sifuri, palipotofautiana moja. Ukililaza tena neno lilelile, maandishi hurudi. Basil alijaribu tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, tena bila alama za kunukuu, kompyuta ikaona vistari vya tarehe ikadhani anapiga hesabu ya kutoa. Shahada mbili, jamani!

Rudayna alikuwa na hasira, na hasira ilimfungua akili. Aliyatazama makaratasi ya Fawwaz ukutani: orodha ya zamu, ratiba ya usafi, hata karatasi ya sukari na majani ya chai. Yote yalianza na Bismillahi Rahmani Rahim, kamili, bila kufupishwa.

"Huyu mtu hata sukari aliiandikia Bismillahi," alisema. "Mafaili haya angeyaacha bila?"

Akachukua mwanzo wa faili la kwanza, akalaza Bismillahi yote juu yake. Kama dhana yake ni kweli, hesabu ileile itageuka: kitakachobaki ni neno la siri.

Kwenye kioo pakatokea: AynHajalAynHajalAynHajal.

"Kijiji chake," alisema. "Na cha bibi."

"Umebahatisha," Basil alisema, akanyoosha mkono. "Kamati imeshaamua. Inuka, lete diski."

"Niinue wewe."

Adhana ya adhuhuri ilianza. Rudayna akafungua faili la bibi yake, akasoma kwa sauti kubwa: "Andika, Fawwaz. Mlango wetu ulitazama kisima. Tulikuwa na mitini mitatu. Mmoja haukuzaa, kila mtu akasema ukatwe, mama akakataa."

Mkono wa Basil ulikuwa bado umenyooshwa. Aliurudisha mfukoni taratibu.

Rudayna akafungua faili lililofuata.