Sauti Moja ya Mwalimu Harshad

Uchovu wa Chausiku haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Mchana alikuwa soko la Shahe, hapo Guangzhou, akibishania bei ya magauni ya wateja wa Kariakoo, jioni ghalani akifunga maboksi ya kwenda kupakiwa kontena bandarini Huangpu, na simu haikomi: dada, mzigo wangu uko wapi, meli imeshatoka? Halafu, kana kwamba hayo hayamtoshi, akajitafutia kazi nyingine ya kupuliza filimbi ya Kihindi.

Swalha, aliyepanga naye chumba, alimwuliza kama amekosa ugonjwa wa kuugua. Chausiku alimsikia tu Mwalimu Harshad akipuliza ghorofa ya juu, akasimama kwenye ngazi na mifuko yake mpaka mikono ikafa ganzi, maana hiyo ndiyo sauti pekee katika Guangzhou nzima iliyokuwa haimwulizi kitu.

Mwalimu Harshad alikuwa Mhindi wa Tanga, mjane, aliyekuja kumfuata mwanawe mfanyabiashara wa vitambaa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha wengi wanaojidai nacho. Subira yake ndiyo iliyokuwa chungu. Tangu mwaka jana alikuwa akimfundisha Chausiku sauti moja tu, ile ya kwanza, iitwayo Sa. Avute pumzi, apulize Sa, aishikilie mpaka pumzi iishe. Kesho hivyo hivyo. Akiuliza lini wataingia ya pili, Re, Mwalimu humjibu kwamba Sa yake bado ina haraka. Mtu anayekimbizana na meli, ulitaka awe na nini?

Lakini hakuacha, kwa kuwa pale juu ndipo mahali pekee alipopumua. Na alijua mlango ule unaweza kufungwa. Rahim wa Ilala alikuwa mwanafunzi kabla yake. Akapumzika mazoezi wiki nzima, Mwalimu akamwambia kwa upole asirudi tena. Hivyo ndivyo watu walivyosimulia, na Chausiku aliliogopa hilo kuliko kuachwa na meli.

Mwezi wa tatu Mwalimu akaenda India kutibiwa macho. Alimwachia filimbi yake mwenyewe, aliyorithi kwa mwalimu wake, mwanzi uliokuwa mweusi kwa kushikwa.

"Ipulize kila siku, mwanangu, hata kidogo," alimwambia. "Mwanzi huu unaishi kwa pumzi ya mtu."

Siku za mwanzo aliipuliza. Kisha wateja wakamiminika, akawa anarudi nyumbani na kuanguka kitandani na viatu miguuni. Na huo ndio msimu ambao kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo huota ukungu kabatini. Chausiku akaihofia filimbi, akafanya anachokijua. Akaiviringisha kwa plastiki ya mapovu, akajaza humo vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, akazungusha selotepu pande zote, akaisukuma juu ya kabati. Hivyo ndivyo alivyofikisha Dar vioo na sahani za watu bila ufa. Akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Mwalimu aliporudi, Chausiku akaifungua ili ampelekee. Vipakiti vilikuwa vimefanya kazi yao barabara. Mwanzi ulikauka ukapasuka kuanzia tundu la mdomo hadi karibu na mwisho. Swalha akamshauri aseme ameipuliza kila siku na imepasuka yenyewe, nani atajua? Chausiku alikuwa amechoka hata kusema uongo.

Akapanda ngazi. Shikamoo, marahaba, kisha akamwekea filimbi mikononi. Mwalimu, mwenye miwani myeusi bado, akaupapasa ufa kwa kidole gumba, polepole, mpaka ulipoishia. Chausiku akamweleza yote, tangu vipakiti hadi selotepu. Akasema ya Rahim anayajua, na yeye amekuja kuaga tu.

"Kwa nini hukuipuliza?"

"Nilichoka, Mwalimu. Mpaka sasa nimechoka."

Chini ya miwani shavu la Mwalimu lilikuwa limelowa.

"Nina uchungu, Chausiku, sikufichi," alisema. "Hii haitalia tena. Lakini Rahim sikumkataza kwa sababu ya uvivu. Aliniambia amepuliza kila siku, na Sa yake ikaniambia hapana. Toa Sa ya kwako."

Chausiku akatoa mkobani filimbi yake ya bei rahisi, aliyokuwa akijifunzia. Hakuwa na nguvu ya kuiharakisha, kwa hiyo Sa ikatoka chini, taratibu, ikaenda hadi pumzi ikaisha. Mwalimu, filimbi iliyopasuka ikiwa mapajani, aliisikiliza mpaka ikazimika yenyewe.

"Sasa inua kidole kimoja," akasema. "Hiyo ndiyo Re."

Mwaka mzima alikuwa akiitamani. Ilipotoka ilitetemeka, maana alikuwa akilia, na simu mkobani ilikuwa ikiita, mtu akiulizia mzigo wake. Hakuipokea.