Baiskeli Isiyokwenda Bila Lawama

Patroni Aristide alilisema mbele ya watu wote, pale kwenye kinu chake cha mawese njia ya Minago: kuanzia Jumatatu, atakayekuta lango limefungwa asigonge, arudi kwao akatafute kazi nyingine. Hakutaja jina, lakini macho yote yalimwendea Lukeba, mwasha moto wa mapipa. Moto ukichelewa chikichi hazichemki, na tangu esansi ya magari ipotee na mabasi yalale, Lukeba alikuwa anatoka Rumonge kwa miguu, anafika jua limeshapanda.

Lukeba akasema kosa ni la wakubwa. Ndivyo alivyosema pia kuhusu mvua, kuhusu sabuni, na kuhusu ndagala kupungua ziwani. Kuhusu kifo cha mke wake Kabibi alisema hivyo hivyo, na hapo hakuna aliyembishia, maana siku ile gari la wagonjwa lilikuwa limesimama uani bila tone la esansi.

Basi Jumamosi akaenda kwa Azzan, muuza baiskeli wa nyuma ya soko. Azzan alirithi duka kwa baba yake, na pamoja na duka akarithi sharti: baiskeli haitoki pale kabla mke wa mnunuzi hajaketi nyuma na kuzungushwa uwanja. Mama akishuka bila kunung'unika, imeuzwa. Akinung'unika, inarudi ukutani. Marehemu baba aliwahi kulivunja sharti hilo, na mama mmoja akaja kukaa mlangoni pake siku nyingi, akiwaeleza wapita njia sehemu gani inamuuma.

Lukeba akaeleza kwamba mke hana. Azzan akampa pole, akasema anajua, hata mazishini alikuwepo, lakini sharti ni sharti.

"Wamalize esansi, wamalize na bibi yangu," Lukeba akasema, "halafu niambiwe nilete bibi ndiyo nipate baiskeli ya kuenda kazi. Inchi gani hii?"

"Leta shemeji," Azzan akasema.

Speciosa, mdogo wake Kabibi, alikuwa akiuza mihogo hapo hapo sokoni. Akaja akijifuta mikono kwenye kitenge, akaketi upande nyuma ya ile ndefu nyeusi ya chuma, ambayo Lukeba aliipenda kwa sababu ndiyo ya wabeba madumu. Hata nusu ya uwanja hawakuimaliza. Akasema kiti kinamkata, na marehemu dada yake angesema hivyo pia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ya pili ilikuwa na gia nyingi. Speciosa akauliza kama hiyo inapeleka mutu kazini ao inamupeleka kwa Mungu.

Ikabaki fupi moja ya bluu, chuma chake cha katikati kimeinama kama za akina mama, na kikapu mbele. Lukeba alipandisha mguu wake wenye nyonga mbovu, ukapita bila shida, jambo ambalo hakumwambia mtu. Wakazunguka, Azzan ameshika usukani. Nyuma kimya.

"Shemeji, sema kitu," Lukeba akanong'ona. "Watu watanicheka."

"Nakaa muzuri, shemeji. Niseme nini?"

"Imeuzwa," Azzan akasema.

Jumatatu alfajiri Lukeba akaisukuma hadi lami, akapanda, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka upande wa pili. Akafunga mfuko wa mawe nyuma ili baiskeli itulie, akaanguka pamoja na mawe. Wenye pikipiki waliolala foleni ya esansi wakaamka kumtazama, na mmoja akamuuliza kama kile kikapu ni cha kubebea meno yake.

Akakaa kando ya njia, akafikiri. Magurudumu mazima, usukani umenyooka. Ndipo akakumbuka kwamba tangu aoe, hata zile baiskeli za kuazima hajawahi kuziendesha bila Kabibi nyuma, na Kabibi hakujua kukaa kimya. Kutoka nyumbani hadi sokoni aliwalaumu wakubwa, na Lukeba alikanyaga pedeli ndani ya sauti ile.

Akapanda. "Daraja walisema watatengeneza," akaanza. Usukani ukatulia. Akaja kwenye lawama za shule, akaja kwenye za nyaya za umeme zisizo na umeme, na baiskeli ikashika njia. Penye mlima, ambapo zamani mtu alishikilia nyuma ya lori akavutwa, malori hayakuwepo. Lukeba akatoa lawama ya gari la wagonjwa, yote, na siku yenyewe, na uani penyewe. Akapanda mlima machozi yakimtoka, na hakushuka hata mara moja.

Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, gurudumu lilianza kulewa. Kwa hiyo hakunyamaza. Kufika bonde la mwisho, wakubwa wote walikuwa wamekwisha. Akabaki mmoja, amesimama langoni, ufunguo mkononi.

"Na patroni Aristide!" Lukeba akapaza sauti, maana gurudumu lilikuwa limeshaanza kuyumba. "Anapenda lango kuliko watu! Anauza mawese, hajui hata kiberiti kinakaa wapi!"

Akapita langoni, akapita mbele ya patroni, na alipofika kwenye mapipa akanyamaza. Wakalala chini, yeye na baiskeli. Wafanyakazi wakaangalia pembeni.

Aristide akatazama saa, akatazama kikapu. Akafunga lango.

"Umefika," akasema. "Washa moto. Lakini muzee, usiyamalize maneno yote asubuhi. Jioni utarudi na nini?"