Mzio: Hakuna

Projest, meneja wa zahanati, alipiga meza kwa kiganja. "Jumatatu, Prudencia! Wakurugenzi wanatoka Dar Jumatatu. Wanataka kuona mfumo mmoja, siyo miwili."

Kampuni mbili za zahanati zilikuwa zimeungana, moja ya Mabatini na nyingine ya Magu. Prudencia alipewa kazi ya kuhamishia kumbukumbu za wagonjwa wa Magu kwenye kanzidata ya Mabatini. Tatizo alishamweleza Projest mara tatu kwa barua pepe. Mfumo wa Magu haukuwa na sehemu ya mzio. Mgonjwa akidhuriwa na dawa fulani, wauguzi waliandika kwenye "maelezo mengine", katikati ya namba za simu za ndugu na habari za nani alichelewa kliniki. Ilibidi mtu ayasome, faili kwa faili. Aliomba wiki mbili.

"Yaache hayo maelezo," Projest alisema. "Takataka tupu."

Jumapili mchana akahamisha kumbukumbu, maelezo akayaacha. Mfumo wa Mabatini ulipokuta sehemu ya mzio haina kitu, ukaijaza wenyewe kwa kila mgonjwa: Hakuna. Prudencia aliliona neno hilo. Akafunga kompyuta, akaenda nyumbani.

Jumatano saa nne asubuhi akapigiwa na Gladness, muuguzi wa Magu. Alikuwa analia.

"Dada, nimemchoma mama mmoja penisilini, nusura afe! Amevimba uso, pumzi ikakata. Daktari amemuwahi. Nilimuuliza kuhusu mzio, akasema niangalie kwenye kompyuta, alishatuambia mwaka juzi. Nikaangalia. Imeandikwa hakuna!"

Mama huyo aliitwa Selina Mayala, mkulima wa mpunga, aliyekuja na jeraha la jembe mguuni.

Prudencia alipoingia kwa Projest, alimkuta anaandika barua. Akaisoma juu ya bega lake: uzembe wa muuguzi.

"Futa," alisema.

"Unasemaje?"

"Futa jina la Gladness! Uzembe ni wako na wangu. Wewe uliamuru, mimi nikabonyeza. Barua pepe zangu ninazo, na majibu yako ninayo."

"Prudencia, punguza sauti. Wakurugenzi wako chumba cha pili."

"Basi wasikie!"

Hakusubiri jibu. Alirudi mezani kwake, akazima mfumo mpya na kuirudisha zahanati ya Magu kwenye ule wa zamani. Projest akaja mbio, anauliza nani kamruhusu. Prudencia hakumtazama. Barua pepe zote tatu akazituma kwa wakurugenzi, pamoja na majibu.

Jioni ile barua ya Projest ilichanwa. Gladness akabaki kazini. Projest akapewa onyo kali, na Prudencia naye akapewa lake. Kwa siku tisa, yeye na wauguzi wawili walisoma maelezo ya Magu. Wagonjwa mia tatu na kumi na wawili walikuwa na mzio. Kila alipokuta mwingine, hasira ilimpanda upya, na safari hii hakuwa na wa kumpigia kelele isipokuwa nafsi yake.

Siku ya kumi alikwenda Magu na kumkuta Mama Selina amekaa barazani kwake, mguu bado umefungwa bendeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyefuta maneno yangu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua kuyafuta kunaweza kuleta hatari."

"Ulijua, ukafuta." Mama Selina alitema mate pembeni. "Nina wajukuu wanne ndani ya nyumba hii. Samahani yako usinipe leo, sina pa kuiweka. Yaandike tena, hapa hapa, nikikuona."

Prudencia alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, akafungua kompyuta mapajani, akaandika.

"Soma," mama akamwambia.

"Mzio: penisilini," akasoma.

"Soma tena. Kwa sauti."